Kinanda na Kivuli Chake

Msomaji mpenzi, tuseme umeketi mbele ya pazia, na nyuma ya pazia hilo wako wapigaji wawili. Wa kwanza ana kinanda cha umeme chenye umri wa miaka hamsini, kizito, chenye vifundo vingi vya kuzungusha. Wa pili ana kompyuta ndogo, na ndani yake mna programu iliyoandikwa ili itoe sauti ile ile ya kinanda cha mwenzake. Wote wawili wanapiga wimbo mmoja. Je, utaweza kutambua yupi ni yupi? Na ukishindwa, utakuwa na haki gani ya kukiita kimoja asili na kingine bandia? Swali hili limewagawanya wanamuziki kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Usilidharau, maana ndani yake mna jambo la haki: nani apate nafasi ya kutunga muziki, na kwa gharama gani. Ili tulijibu kwa insafu, yatupasa tuanze na historia.

Chombo tunachokizungumzia huitwa sinthesaiza. Hakina nyuzi kama zeze, wala ngozi kama ngoma, wala tundu la kupulizia kama zumari. Sauti yake huzaliwa na umeme mtupu. Mwaka 1964, Mmarekani mmoja aitwaye Robert Moog, akisaidiana na mtunzi wa muziki Herbert Deutsch, alitengeneza chombo ambacho sauti yake iliamriwa na volteji: volteji ikipanda, sauti hupanda, ikishuka, hushuka. Ndani yake mlikuwa na osileta, ambayo huutetemesha umeme. Mlikuwa na chujio, ambalo huzikata sauti za juu au kuziachia zipite. Na mlikuwa na kikuzaji, ambacho huamua sauti ianze vipi na ife vipi. Mwaka 1968 Wendy Carlos alitoa sahani ya muziki wa Bach uliopigwa kwa chombo hicho. Kwa kuwa hakikuweza kutoa noti mbili pamoja, ilimbidi arekodi sauti moja moja, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukamilike. Mwaka 1970 ikatokea Minimoog, yenye osileta tatu na vibonyezo 44, ambayo mtu aliweza kuichukua jukwaani.

Mwaka 1978 Dave Smith wa California alileta Prophet-5. Hiki kilitoa noti tano kwa pamoja, na kilikuwa na kumbukumbu ya kuhifadhi sauti alizozitunga mpigaji. Bei yake ilikaribia dola 4,000, nazo zilikuwa fedha nyingi hata kwa Wamarekani wenyewe. Kisha mwaka 1983 kampuni ya Yamaha ya Japani ikatoa DX7, iliyotumia tarakimu badala ya volteji, kwa kufuata ugunduzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Watu walikimbilia DX7, na vinanda vya zamani vikauzwa kwa bei ya kutupa. Minimoog ilikuwa imekwisha kuacha kutengenezwa mwaka 1981, na kampuni ya Dave Smith ikafungwa mwaka 1987.

Hapa nakuomba usimame kidogo, msomaji, ufikiri. DX7 ilikuwa nini, ila kompyuta iliyovishwa vazi la kinanda? Tena usidhani kwamba programu ni mtoto na mtambo ni mzazi. Mwaka 1957, yaani miaka saba kabla ya Moog, Max Mathews wa maabara ya Bell huko New Jersey aliandika programu ya kuifanya kompyuta itoe muziki. Kilichokosekana siku zile hakikuwa wazo, bali mbio. Kompyuta zilikuwa kubwa na nzito wa mwendo, na muziki wa sekunde chache ulihitaji hesabu za muda mrefu. Kwa hiyo programu ilikaa ikingoja kwa miaka arubaini, hata kompyuta za mezani zilipopata nguvu ya kupiga hesabu upesi kama kidole kinavyobonyeza.

Mwaka 1997 ngojo hilo likaisha. Kampuni ya Propellerhead ya Uswidi ilitoa ReBirth, programu iliyoiga mitambo ya Roland ya Japani. Mwaka huo huo ikatoka programu nyingine iliyoitwa Reality, na mmoja wa watengenezaji wake alikuwa ni yule yule Dave Smith, fundi wa Prophet-5. Baada ya hapo wakaja wengi. Kampuni ya Native Instruments ya Berlin iliiga Prophet-5, na mwaka 2003 Arturia ya Ufaransa ikaiga mtambo mkubwa wa Moog, kwa idhini ya Moog mwenyewe.

Je, kivuli kinafanana na mwili? Katika mtambo wa kale, umeme hupita bila kukatika, kama maji ya mto. Katika kompyuta, sauti hukatwa vipande vipande vya tarakimu, mara nyingi vipande 44,100 kwa kila sekunde, kisha huunganishwa tena. Kwa sikio letu vipande hivyo ni vingi vya kutosha. Hata hivyo palikuwa na hila mbili zilizowasumbua waandishi wa programu za kwanza. Mitetemo ya juu mno, tarakimu zikishindwa kuifuata, hugeuka ikawa sauti za uongo ambazo mpigaji hakuzitaka. Tena, katika mtambo sauti iliyochujwa huweza kurudishwa mlangoni mwa chujio papo hapo. Katika kompyuta ilirudi ikiwa imechelewa kwa hatua moja, na uchelewaji huo mdogo uliubadilisha utamu wake. Kwa miaka mingi wataalamu wa hesabu walishindana na hila hizo, na leo zimepungua sana.

Lakini jambo la kustaajabisha ni hili: lililo gumu zaidi kuiga halikuwa ubora wa vinanda vya kale, bali kasoro zao. Osileta za kale hazikutulia. Chumba kikipata joto, zilipotoka kidogo katika noti yake, na mpigaji alilazimika kuzirekebisha mara kwa mara. Watengenezaji wa zamani walitoa jasho kuiondoa kasoro hiyo. Waandishi wa programu, ambao kompyuta zao hazipotoki kamwe, walitoa jasho kuirudisha, maana walikuta kwamba kupotoka huko ndiko kulikoifanya sauti iwe na uhai. Aibu ya baba imekuwa urithi wa mwana.

Nikupe mfano mwingine. Miaka ya mwanzo ya 1980, Roland ilitengeneza chombo kidogo kiitwacho TB-303, ili mpiga gitaa asiye na mwenziwe apate wa kumpigia besi. Kilikuwa kiigizo cha gitaa la besi, na kilikuwa kiigizo kibaya. Wanunuzi hawakukipenda, nacho kikaachwa baada ya miaka michache. Vijana wa Chicago walivinunua vilivyotumika kwa bei ndogo, wakavizungusha vifundo vyake kwa namna ambayo mtengenezaji hakuikusudia, na mwaka 1987 kundi la Phuture likatoa wimbo ulioanzisha mtindo mpya wa dansi. Miaka kumi baadaye, ReBirth ikakiiga chombo hicho. Tazama basi: programu ikaiga mtambo, na mtambo ulikuwa umeshindwa kuiga gitaa. Asili iko wapi hapo? Yaonekana kwamba kiigizo hugeuka kuwa asili siku kinapopata kazi yake chenyewe.

Kumbuka pia kwamba vinanda hivi vinavyotukuzwa leo vilishtakiwa jana kwa kosa lile lile. Mwaka 1982, wanachama wa chama cha wanamuziki mjini London walipitisha azimio la kutaka sinthesaiza zizuiwe, kwa hofu kwamba zingewanyang'anya wapiga fidla riziki yao. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli kwa mtu mwenye watoto wa kulisha, wala tusiicheke. Lakini mashitaka yale yale leo yanaletwa na wenye sinthesaiza dhidi ya wenye programu.

Sasa tuitazame haki tuliyoitaja mwanzo. Mwaka 2018 kampuni ya Moog yenyewe ilitoa Minimoog iliyo programu ya simu, na mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, ikaigawa bure kwa muda. Kitu kilichokuwa mali ya matajiri kikafika mkononi mwa kijana mwenye simu. Kwetu Afrika ya Mashariki, muziki wa singeli wa Dar es Salaam umekua katika studio ndogo ndogo ambazo mali yake kubwa ni kompyuta. Kama mlango wa muziki ungebaki kufunguliwa kwa kinanda cha maelfu ya dola tu, vijana hao wangesimama nje hata leo.

Walakini insafu haina upande mmoja. Dave Smith, baada ya kuandika programu, aliirudia mitambo mwaka 2002, na mwaka 2020 akaitoa Prophet-5 upya, miaka miwili kabla ya kufariki. Alijua kwamba mkono nao una akili yake: kifundo halisi hushikwa bila kutazamwa, na vidole hujifunza njia kama miguu ijuavyo njia ya kisimani. Tena programu hufa mapema. Minimoog ya mwaka 1970 fundi mwenye pasi ya kulehemu huweza kuifufua. Lakini ReBirth iliachwa na wenyewe mwaka 2005, na kompyuta mpya hazimjui mgeni huyo. Kwa hiyo, usiache mbachao kwa msala upitao.

Msomaji mpenzi, turudi mbele ya pazia letu. Mimi nasema kwamba aulizaye ni kipi asili anauliza swali lisilo na mwisho, kwa kuwa kila chombo kina mzazi kilichomwiga. Swali lifaalo ni hili: mpigaji ana neno gani la kusema? Akiwa nalo, mtambo utamtii, na programu itamtii. Asipokuwa nalo, hata kinanda cha Moog mwenyewe kitabaki sanduku lenye waya. Ukipata kinanda, kitunze. Ukipata programu, usione haya. Kisha fumba macho, usikilize, na uhukumu kwa sikio lako.