Mwiko na Brashi Kandokando ya Kisale

Mjini Kalemie, historia ya mahali mara nyingi huanziwa kwenye misafara iliyovuka ziwa Tanganyika kutoka Ujiji hadi Mtoa, au kwenye ngome ya Kapteni Jacques ya 1891, iliyozaa Albertville, jina la zamani la Kalemie. Hayo ni mambo ya juzi. Mto Lukuga hutoka ziwani hapa hapa na kuingia Lualaba upande wa Kabalo. Anayepanda Lualaba kutoka huko kuelekea Bukama hupita ziwa Kisale, na ukingoni mwake, katika kijiji cha Sanga, kuna makaburi yenye zaidi ya miaka elfu moja.

Jacques Nenquin alichimba Sanga mwaka 1957, Jean Hiernaux mwaka uliofuata. Mwaka 1974 akaja Pierre de Maret, kijana Mbelgiji aliyekuwa bado anatafuta udaktari wake Brussels. Jumla ya makaburi yaliyofunguliwa Sanga pekee yamepita 150.

Kazi yenyewe haina fahari. Mchimbaji hupiga magoti na mwiko wa mwashi mkononi, akikwangua udongo kidogo kidogo. Akigusa ukingo wa chungu, huweka mwiko chini na kushika brashi. Chungu hakinyanyuliwi mpaka kichorwe na kupigwa picha pale pale kilipolala, pamoja na mifupa iliyo kando yake. Vipande vya mkaa hufungwa peke yake, maana maabara huvipima ili kupata tarehe. Mwanafunzi mwenye haraka ni hasara tupu. Akishang'oa chungu kabla ya kukichora, nani atajua tena kama kilikuwa kichwani mwa maiti au miguuni?

Wamaya wa Amerika ya Kati, ambao miji yao mingi ya kusini ilihamwa katika karne ya 9 na kuendelea, waliacha mawe yaliyochongwa majina ya wafalme na tarehe zao. Sanga haina hata herufi moja. Ina mpangilio tu, na mpangilio huo unasema mengi.

Katika kaburi moja la kipindi cha awali cha Kisale, mtu alizikwa na shoka la heshima, na fuawe ya chuma karibu na kichwa. Baadaye sana, wafalme wa Baluba walitawazwa kwa ibada zenye kumbukumbu ya mhunzi na fuawe yake, kwa hiyo si ajabu wachunguzi kuona hapo mizizi ya ufalme huo. Kati ya karne ya 10 na ya 13 makaburi yalijaa vyungu vizuri ajabu, vingi bila dalili ya kupikiwa, na watoto walipewa vidogo kulingana na umri wao.

Kisha ikaja misalaba ya shaba kutoka kusini. Mwanzoni ilikuwa mikubwa na michache, ikiwekwa kifuani; karne zilivyopita ikawa midogo, ya kimo kinachofanana, ikifungwa kwa mafungu karibu na mikono au nyonga. Hiyo ni fedha iliyozaliwa pole pole, na aliyeipanga kwa tarehe ni mchimbaji aliyechora kabla ya kunyanyua.

Mwaka 1960 Katanga, jimbo hili hili, chini ya Moïse Tshombe ilipojitenga na Kongo, iliweka misalaba mitatu ya aina hiyo kwenye bendera yake, na mwaka uliofuata ikaichapa kwenye sarafu. Baluba wa kaskazini, wa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, walichukua silaha kupinga serikali hiyo hiyo.