André Ombredane

André Ombredane (1898–1958) alikuwa mwanasaikolojia wa Ufaransa, msomi wa falsafa na daktari, aliyeingia katika saikolojia ya majaribio kupitia maradhi ya usemi. Mwaka 1939, pamoja na Théophile Alajouanine na Marguerite Durand, alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa ambao matamshi yao yalivurugika baada ya ubongo kuumia. Alifundisha Rio de Janeiro, kisha Bruxelles, na kazi ya Bruxelles ndiyo iliyomfikisha Kongo.

Huko Kongo, katika Kasai, Ombredane alipima akili za watu. Chombo chake kilikuwa jaribio la Mwingereza John Raven. Unaonyeshwa mchoro unaojirudia, mfano wa kikwembe kilichokatwa kipande. Chini yake vimepangwa vipande kadhaa. Unaweka kidole kwenye kile kinachoziba pengo. Kwa kuwa hakuna neno la kusoma, wengi Ulaya waliamini kwamba hapo akili huonekana yenyewe, bila msaada wa shule.

Yeye na wenzake waliwapima Baluba 485. Lakini utafiti wenye uzito zaidi ni ule wa 1956: kundi moja la Wakongo lilipewa jaribio hilo tena na tena, na alama zikapanda. Kumbe mara ya kwanza wengi walikuwa wakijifunza tu wanachotakiwa kufanya mbele ya karatasi ile na mgeni anayesubiri jibu.

Kitabu chake cha 1954 kinahusu jaribio la picha aliloliita Congo TAT. Alichukua mbinu ya Henry Murray wa Harvard ya kumwonyesha mtu picha ili atunge hadithi, akaweka picha zenye watu na mazingira ya Kongo. Hilo lilikuwa jambo la busara. Jina la kitabu, linalodai kuchunguza "fikra za Weusi wa Kongo" kana kwamba wote wana kichwa kimoja, ni la kikoloni kabisa.

Mwaka 1955 alitoa na Jean-Marie Faverge kitabu cha uchambuzi wa kazi, kinachomtaka mtafiti aende kumtazama mfanyakazi akiwa kazini, kwa sababu kazi iliyoandikwa na mkubwa siyo ile inayofanywa na mikono.