Nafasi moja kwa Afrika nzima

Tangu FIFA iamue mwaka 2017 kupandisha Kombe la Dunia kutoka ekipe 32 hadi 48, batu mingi banasema mashindano yataharibika. Bandugu, kabla ya kusema hivyo tuangalie kwanza nani alikuwaka nje ya mlango, na juu ya nini.

Kwa Kombe la 1966 kule Uingereza nafasi zilikuwa 16. Afrika haikupewa hata moja iliyo yake yenyewe: mshindi wa Afrika alipaswa kucheza tena baraji na mshindi wa Asia na Oceania. Yaani mabara matatu, tiketi moja! Ohene Djan wa Ghana akawaandikia FIFA kupinga, na ekipe zote za Afrika zikajitoa. FIFA ikazitoza faini. Lakini kwa 1970 Afrika ikapata nafasi yake, Moroko ikaenda Mexico. Ile nafasi haikutoka kwa huruma ya mtu.

Ni kwa ile nafasi moja tu Zaïre ilipita mwaka 1974. Tulitoa Togo, Kameruni, Ghana, kisha Zambia na Moroko. Na bado vijana wa leo wanakumbuka tu zile 9-0 za Yugoslavia. Anayecheka hajui njia ya kufika kule ilikuwaka nyembamba namna gani.

Mwaka 1982 ekipe zikawa 24, Afrika ikapewa mbili. 1994, tatu. 1998 ekipe zikawa 32, Afrika tano, na tano zikabaki hivyo hadi 2022, ukiacha Afrika ya Kusini iliyokuwa mwenyeji 2010.

Hapa ndipo formula inauma. Kwa kufuzu 2018, kila kikundi kilitoa ekipe moja tu. Tunisia ilimaliza na pointi 14, sisi 13. Tulipoteza mechi moja katika sita, tukabaki nyumbani. Kwa 2022, kushinda kikundi hakukutosha: ilibidi kucheza tena mechi mbili. Tukatoka 1-1 na Moroko pale Kinshasa, Casablanca wakatupiga 4-1, ikaisha.

Kwa 2026 vikundi ni 9, washindi wote wanaenda moja kwa moja, na ekipe nne bora za nafasi ya pili zinapewa baraji. Septemba 2025, Kinshasa, tulikuwa tunaongoza Senegal 2-0, tukapoteza 3-2 (maumivu hayo bado tunayo). Kwa formula ya 2018 ingekuwa mwisho wa habari. Kwa hii mpya, Novemba tukaenda Rabat, tukafunga Kameruni 1-0, kisha tukatoa Nigeria kwa penalti na kupata baraji ya mabara.

Kwamba mechi zingine zitakuwa za upande mmoja, sawa, nakubali. Lakini tuhesabu pia hivi: Ulaya ina wanachama 55 na nafasi 16. Afrika ina 54, nafasi 9. Amerika ya Kusini, wanachama 10, nafasi 6.