Habari za Mistari Iliyofichika

Mtu achorapo mchemraba juu ya karatasi hukabiliwa na swali gumu kuliko kupiga mistari yenyewe: ile ya nyuma, isiyoonekana na jicho, iachwe, ichorwe kwa nukta nukta, au iwe sawa na ya mbele? Swali hili ni la kale. Kitabu cha Luca Pacioli, Divina proportione, kilichochapwa Venice mwaka 1509, kina picha zilizotokana na michoro ya Leonardo da Vinci. Maumbo yake mengi yameonyeshwa mara mbili: kwanza gimba zima, kisha kiunzi kitupu cha kingo zake, ili msomaji aone hata upande wa nyuma. Mwaka 1570, Henry Billingsley alipoitoa London tafsiri yake ya Euclid kwa Kiingereza, vilibandikwa ndani yake vipande vya karatasi ambavyo msomaji huviinua vikasimama ukurasani.

Kompyuta nayo ilirithi swali hilo. Mwaka 1963 Lawrence Roberts, katika tasnifu yake ya chuo cha MIT, alieleza hesabu ya kuiwezesha mashine kutambua mistari ipi imefunikwa.

Upande wa uchapaji, Donald Knuth, aliyechukizwa mwaka 1977 na chapa mbaya ya kitabu chake, alitunga TeX, na pamoja nayo Metafont ya kuumba herufi. Kutokana na Metafont, John Hobby akatunga MetaPost. Humo mchoro ni maandishi: mwandishi hutaja ncha, naye huamuru ziunganishwe. (Neno letu mchemraba lafanana na amri hizo: chukua mraba, uurefushe uwe mche, kama mche wa sabuni.) Lakini MetaPost hujua bapa tu. Mistari ya nukta huamuliwa na mwandishi. Akiligeuza umbo kidogo, uamuzi wake waharibika.

Asymptote, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Andy Hammerlindl, John Bowman na Tom Prince, huipa kila ncha namba 3, na mashine hujua lipi lafunika lipi. Hata hivyo gimba lililotiwa rangi na kivuli mara nyingi hutoka kama picha ya vitone, si mistari safi. Na mwanahisabati ataka mstari wa nyuma uonekane, ila kwa unyonge. Kwa hiyo wengi wangali wakiipanga mistari hiyo wenyewe, mmoja mmoja.