Si Pepo, Si Ulevi



Hapa kwetu Tibirinzi, Chake Chake, mtu akija kuposa, wazee huuliza: mtoto wa nani huyu, na baba yake alikuwa mtoto wa nani? Wiki hii nataka kuzungumzia kazi nyengine ya suala hilo, nayo ni kazi ya tiba.

Mwaka 1872 daktari kijana wa Kimarekani, George Huntington, mwenye umri wa miaka 22 tu, aliandika juu ya maradhi aliyoyaona East Hampton, katika jimbo la New York. Mgonjwa hutikisika viungo bila ya kutaka, hupepesuka, akili na tabia hubadilika, na maradhi huzidi mpaka kifo. Mara nyingi huanza baina ya miaka 30 na 50, wakati mtu keshazaa. Alijuaje kuwa ni maradhi ya ukoo? Hakuwa na mashine. Baba yake na babu yake walikuwa madaktari papo hapo, wakiwatibu watu wa nyumba zile zile kizazi baada ya kizazi. Jee, hiyo si nasaba?

Waliofuata walipita njia hiyo hiyo. Nancy Wexler, ambaye mama yake alikufa kwa maradhi haya, alikwenda Venezuela, kando ya ziwa Maracaibo, na wenzake wakachora mti wa ukoo wa maelfu ya watu. Mwaka 1983 ikajulikana kasoro iko katika kromosomu ya nne, na mwaka 1993 kinasaba chenyewe kikapatikana. Mzazi mmoja akiwa nacho, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kukirithi. Asiyekirithi hana cha kumrithisha mwanawe.

Tusidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 2020 Mtaliana Ferdinando Squitieri, pamoja na madaktari wa Oman, walieleza ukoo mkubwa wa huko wenye maradhi haya, na chimbuko lake ni mhenga wa Kiafrika. Sisemi alitoka Pemba. Nasema majahazi yaliyokwenda na kurudi baina ya pwani hii na Maskati yalibeba watu, na watu hubeba damu zao.

Daktari humtazama vipi mtu wa ukoo kama huo? Humwambia atoe ulimi na aubakishe nje sekunde kumi. Humwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada upesi upesi, atembee kisigino mbele ya kidole, afuate kitu kwa macho bila ya kugeuza kichwa. Dalili ndogo ndogo, pamoja na hasira au huzuni, huweza kutangulia miaka mingi. Lakini huzuni ina sababu mia, na kikombe humponyoka hata mzima. Ndiyo maana anayepima ni daktari, tena zaidi ya mara moja, wala si jirani.

Kipimo cha damu kipo. Dawa ya kuponesha haijapatikana, ingawa zipo za kupunguza mtikisiko na huzuni. Kwa hiyo mtu mzima asiye na dalili ana haki ya kupima, na ana haki ya kutotaka kujua.

Hofu yangu iko kwetu sisi. Anayepepesuka tunamwita mlevi, anayetikisika tunampigia ngoma ya pepo, na ndugu zake tunakataa kuwaoza. Hata mwimbaji Woody Guthrie wa Marekani alidhaniwa mlevi, mpaka maradhi yake yakatambuliwa mwaka 1952. Alifariki mwaka 1967.

Nawaomba wazee wetu: mnaokumbuka nani katika ukoo aliugua, akiwa na umri gani, na nini kilianza, mwambieni daktari. Msiyapeleke barazani. Siri ya damu ya mtu ni amana, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe.