Kupinga Hoja si Kumpinga Mungu: Historia ya Ukosoaji wa Hoja za Kuwapo kwa Mungu, Karne ya 11 hadi ya 18

1.0 Utangulizi

Mjadala wa kuwapo kwa Mungu hupangwa kwa kawaida katika safu mbili: huku wanaothibitisha, kule wanaokana. Mpango huo unamrahisishia mwanafunzi kazi ya kukariri, lakini unaipotosha historia. Makala hii inadai kwamba, kuanzia karne ya 11 hadi ya 18, sehemu kubwa ya mapingamizi mazito dhidi ya hoja za kuwapo kwa Mungu yalitolewa na watu waliomwamini Mungu huyohuyo. Walichobishania ni uwezo wa akili ya binadamu kulifikia jambo hilo, na njia ambayo akili inapaswa kuipita. Dai hili linachunguzwa kwa mifano mitatu: monasteri za Ufaransa, ulimwengu wa Kiislamu kutoka Baghdad hadi Cordoba, na Ulaya ya karne ya 18.

2.0 Mabishano ya Watawa

Anselm alikuwa mtawa katika monasteri ya Bec, huko Normandy, alipoandika Proslogion katika miaka ya 1077–1078. Alimwelezea Mungu kuwa ni yule ambaye hakiwezi kufikirika kitu kikubwa kuliko yeye. Hata anayemkana Mungu huielewa kauli hiyo anapoisikia. Kwa hiyo dhana hiyo imo akilini mwake. Lakini ikiwa imo akilini tu, basi kinaweza kufikirika kitu kikubwa zaidi, yaani kile kilichomo akilini na katika uhalisia pia. Huo ni mkinzano, kwa kuwa hakuna kikubwa kuliko kile ambacho hakuna kikubwa kuliko hicho. Hivyo, Mungu yupo.

Pingamizi lilitoka kwa mtawa mwenzake, Gaunilo wa Marmoutier, karibu na Tours. Gaunilo aliandika kwa niaba ya mkanaji, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mkanaji. Alitoa mfano wa kisiwa kinachopita visiwa vyote kwa uzuri na utajiri. Tunaielewa kauli hiyo, alisema, lakini kuielewa hakukifanyi kisiwa hicho kiwepo baharini. Anselm alijibu kwamba hoja yake inahusu tu kile kisichoweza kufikirika kuwa hakipo, ilhali kisiwa chochote chaweza kufikirika hivyo. Zaidi ya kujibu, aliagiza pingamizi la Gaunilo na jibu lake vinakiliwe pamoja na kitabu. Kwake yeye, pingamizi lilikuwa sehemu ya utafiti, wala halikuwa uasi.

Katika karne ya 13, Thomas Aquinas naye aliikataa hoja hiyo. Katika Summa Theologiae alieleza kwamba kuwapo kwa Mungu ni jambo la dhahiri kwa asili yake, lakini si dhahiri kwetu sisi tusioijua asili hiyo. Badala yake alipendekeza njia tano zinazoanzia katika mambo yanayoonekana, kama vile mwendo wa vitu na mfuatano wa sababu. Hata hivyo alizichora njia hizo mpaka: alishikilia kwamba akili haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo, na kwamba jambo hilo hujulikana kwa imani.

3.0 Kutoka Baghdad hadi Cordoba

Suala hilohilo la mwanzo wa ulimwengu lilikuwa limekwisha kuwagawa wanazuoni wa Kiislamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aligawa vilivyopo katika mafungu mawili. Kuna vile ambavyo vingeweza kutokuwapo, na hivyo huhitaji sababu ya kuwapo kwake. Na kuna kile ambacho kuwapo kwake ni kwa lazima, Wajibul-wujudi. Hata mkusanyiko wa vitu vya fungu la kwanza, uwe na idadi yoyote, bado unahitaji sababu iliyo nje yake. Hoja hii haikudai kwamba ulimwengu ulianza wakati fulani. Ibn Sina aliamini kwamba ulimwengu ni kadimu.

Hapo ndipo al-Ghazali alipoishambulia. Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokikamilisha mwaka 1095, alijadili masuala 20. Mojawapo lilidai kwamba wanafalsafa wameshindwa kuthibitisha kuwapo kwa Muumba. Sababu yake ni kwamba kitendo hudai kuanza kwa kitu ambacho hakikuwapo. Anayesema ulimwengu haukuanza hana haki ya kuuita kazi ya mtendaji. Al-Ghazali mwenyewe alitetea hoja nyingine: kila chenye mwanzo kina kilichokianzisha, na ulimwengu una mwanzo.

Ibn Rushd, aliyekuwa kadhi huko Seville na Cordoba, alimjibu katika Tahafut al-Tahafut. Katika kitabu kingine, al-Kashf, aliwakosoa pia wanateolojia wa Kiashari kwa jumla. Kwa maoni yake, njia yao ya kuthibitisha mwanzo wa ulimwengu ni ngumu mno kwa watu wa kawaida, na wakati huohuo haifikii kiwango cha uthibitisho kwa wataalamu. Alipendekeza dalili mbili alizoziona katika Kurani: kwamba vilivyopo vinafaa maisha ya binadamu, na kwamba uhai na viumbe vimebuniwa.

4.0 Hume na Kant

Mfano wa David Hume unaweka mpaka wa dai la makala hii. Kitabu chake cha majadiliano kuhusu dini ya asili kilitolewa mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake. Mhusika wake, Philo, anaeleza kwamba tunaitambua nyumba kuwa kazi ya mjenzi kwa sababu tumekwisha kuona nyumba zikijengwa. Lakini ulimwengu ni mmoja, na hakuna aliyeshuhudia ukiumbwa. Philo anaongeza suala la mateso: ikiwa Mungu ni mwema na mwenye uwezo wote, mateso yanatoka wapi? Hoja hizi mbili ni tofauti kwa aina. Ya kwanza inabomoa uthibitisho tu. Ya pili inagusa Mungu anayethibitishwa. Hume hawezi kuhesabiwa miongoni mwa waumini waliotajwa juu.

Immanuel Kant anarejea katika mkondo wa awali. Mwaka 1781 alidai kwamba kuwapo si sifa inayoongeza chochote katika dhana ya kitu: taleri mia moja halisi hazina hata taleri moja zaidi ya taleri mia moja zinazofikiriwa, ingawa tofauti yake huonekana mfukoni. Lakini katika dibaji ya toleo la pili, mwaka 1787, alieleza kwamba aliuwekea ujuzi mipaka ili imani ipate nafasi. Mwaka uliofuata alimrejesha Mungu kama sharti la maisha ya kimaadili, na si kama matokeo ya uthibitisho.

5.0 Hitimisho

Mifano hii inaonyesha kwamba mtafiti anapaswa kuuliza kwanza ni nini hasa kinachopingwa: hoja fulani, uwezo wa akili kwa jumla, au kuwapo kwenyewe kwa Mungu. Bila swali hilo, Gaunilo huhesabiwa kuwa mkanaji na Kant kuwa mvunja dini, na msomaji hudhani kwamba kuanguka kwa hoja ni kuanguka kwa Mungu. Kosa la upande wa pili nalo lipo: imani ya mkosoaji haithibitishi chochote kuhusu Mungu, wala utawa wa Gaunilo hauongezi uzito wa mfano wake wa kisiwa. Hoja hupimwa kwa hatua zake zenyewe. Miongoni mwa mapingamizi yaliyojadiliwa hapa, ni suala la mateso pekee linalovuka kutoka kwenye uthibitisho hadi kwa anayethibitishwa; ndiyo maana linastahili kuchunguzwa peke yake, na kwa vigezo vyake.