Mtungi
Mtungi (wingi: mitungi) ni chombo cha udongo uliofinyangwa na kuchomwa, kinachotumika kutekea na kuhifadhia maji ya kunywa.

Kuta zake zina vitundu vidogo sana. Maji hupenya polepole hadi nje na kugeuka mvuke unaoondoka na joto, hivyo yanayobaki ndani hupoa bila umeme. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hupoa kidogo tu.

Maji ya mtungi huwa na ladha na harufu ya udongo, hasa mtungi ukiwa mpya. Hata hivyo, ubaridi na ladha nzuri si dalili ya usalama: vijidudu huingia kwa mikono na vikombe vinavyochovywa. Inafaa maji yachemshwe kwanza, mtungi ufunikwe, na maji yachotwe kwa kata safi yenye mpini mrefu.